Mdogo Wake Mzee wa Baiskeli

Mume wangu ndiye aliyeileta ile tamthilia nyumbani, halafu akaenda zake mgodini kwenye zamu na kuniachia mimi na baba yake. Siku hizi simlaumu tena. Wakati ule nilimlaumu kila jioni.

Baba mkwe alikuwa amekuja kwetu Turwa, hapa Tarime, kutoka kijijini Nyambureti kwa ajili ya macho. Yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilishafunga kabisa, la kushoto lilibaki na mwanga na vivuli tu, kiasi cha kumwezesha kujua kwamba mtu amepita lakini si kujua ni nani. Mabingwa wa macho huwa wanakuja hospitali kwa vipindi, wanakaa siku chache na kuondoka. Tulimpeleka. Akasubiri kwenye benchi tangu asubuhi, na zamu yake ilipofika wakampima presha wakamrudisha. Ilikuwa juu mno.

"Tutarudi mwezi ujao," daktari aliniambia mimi, siyo yeye. "Anywe dawa zake, apunguze chumvi, atulie. Mama, huyu mzee asikasirishwe. Akija tena na presha hii, tutamrudisha tena."

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Mama yangu alikuwa akisema kwamba naogopa mpaka mvua ya mwaka kesho. Sasa nimekabidhiwa mzee asiyetakiwa kukasirika, na mzee mwenyewe ni baba mkwe. Nikawa natembea nyumbani mwangu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Nilimkataza binti yetu, aliyekuwa darasa la tano, kukimbia ndani. Mboga zikawa hazina ladha. Simu ikilia kutoka Nyambureti, naipokea mimi kwanza nje, nachuja habari, ndipo naingia nazo. Ndama mmoja alikufa wiki ile. Sikumwambia.

Yeye alikaa kwenye kiti kando ya ukuta wa nyumba, fimbo katikati ya magoti, akisikiliza bodaboda zinavyopita. Mzee aliyezoea kuhesabu ng'ombe kila jioni hakuwa na cha kuhesabu. Alianza kuuliza, asubuhi na mchana, kama madaktari wamefika. Nikaona kutulia kwenyewe kunamchosha.

Ndipo mume wangu alipokumbuka tamthilia.

Zamani, mimi nikiwa shule ya msingi hapa Tarime, kulikuwa na mchezo wa familia moja kwenye televisheni ambao watoto tuliufuata hata kwa jirani tuliyegombana naye. Ulimhusu mzee fundi baiskeli, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wanne wa kulea. Sisi tulimwita Mzee wa Baiskeli tu. Mtoto akikosea, mzee hakupayuka wala kuchapa. Aliigeuza baiskeli matairi juu, akalizungusha gurudumu, akalitazama mpaka lisimame lenyewe. Ndipo anasema. Alisema taratibu, maneno machache, na mtoto analia bila kuguswa. Nakumbuka nilivyokuwa nikitamani angekuwa baba yangu, kisha naona aibu kwa sababu baba yangu yumo chumbani.

Baba mkwe naye aliufuata kwa njia yake. Nyambureti haikuwa na umeme. Siku za mnada alipeleka ng'ombe Mugumu, na huko kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Mwislamu, mtu wa asili ya pwani, aliyeweka runinga juu ya rafu ya vitenge. Mchana walirudia sehemu ya wiki ile. Baba mkwe alisimama mlangoni na fimbo yake mpaka mchezo uishe, na mwenye duka alipomzoea akawa anampa stuli. Mume wangu alinisimulia hayo kama mzaha, kwamba baba yake aliuza ng'ombe kwa bei ya haraka ili awahi mchezo.

"Umerudi," aliniambia jioni moja, akinionyesha simu. "Waigizaji ni walewale, wamezeeka tu. Hauko tena kwenye runinga ya kawaida, uko kwenye hii programu ya kulipia. Wameweka sehemu zote kwa mpigo. Baba atatulia mwenyewe."

Akalipia mwezi, akaunganisha simu ya zamani na runinga, akanifundisha pa kubonyeza. Kesho yake alfajiri akaondoka.

Tulianza siku hiyohiyo, baada ya chakula cha jioni. Baba mkwe alisogeza kiti karibu na runinga, akaigeuzia sikio lake la kulia. Binti alikaa kwenye mkeka. Mimi nilikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, maana sisi Wakurya hatuketi kochi moja na baba mkwe. Mchezo ulipoanza, pembeni ya kioo yalitokea maandishi madogo: lugha kali. Niliyasoma. Nikadhani wanamaanisha ukali wa wazazi.

Muziki ulikuwa uleule. Baba mkwe alitabasamu, akapiga fimbo chini taratibu kufuata mdundo. Mlango wa duka la baiskeli ukafunguliwa, nikamwona mzee mwenyewe, mvi tupu, mashavu yameingia ndani. Sikujua kwamba macho yangu yangelowa. Nikawa namweleza baba mkwe: sasa anafagia, sasa amekaa, baiskeli zimebaki mbili tu, zimejaa vumbi. Yeye anaitikia, "Eeh. Eeh."

Kisha akaingia mtoto wake wa kwanza, sasa jitu zima lenye kitambi, amekuja kumwambia baba yake kwamba nyumba inauzwa. Nilisubiri mzee ageuze baiskeli. Hakugeuza. Alisimama akamtukana.

Neno lenyewe siliandiki. Ni lile la mama, zima, halikuachwa kiungo. Na hakulisema kwa hasira ya kuteleza. Alilisema kwa utulivu uleule wa zamani, kila silabi na nafasi yake.

Asiyejua mila zetu anaweza kuona ni jambo dogo. Tusi la nguoni halisikiki mahali walipo mkwe na mke wa mwanawe. Mama yangu alinieleza kwamba zamani likitokea, hata kwa mlevi aliyepita njiani, wawili hao wangekaa siku nyingi wakikwepana, na wazee wangeitwa kuliondoa. Siku hizi hatufiki huko, lakini aibu haijaondoka. Na mimi nilikuwa nimeilipia aibu hiyo, nikaiwashia umeme, nikaisogezea na kiti.

Binti aliinamia mkeka. Baba mkwe aliacha kupiga fimbo.

"Huyo aliyesema ni nani?" aliuliza.

Niliona mshipa wa shingo yake. Niliona presha, benchi la hospitali, daktari akitikisa kichwa. Nikasema neno la kwanza lililonijia.

"Siyo yeye, baba. Ni mdogo wake."

"Mdogo wake?"

"Ndiyo, baba. Amekuja kukaa naye. Wanafanana sauti."

Kwenye runinga mzee yuleyule aliendelea kuongea, sasa kwa upole, akimwambia mwanawe akae anywe chai.

"Huyu sasa ndiye mwenyewe," nikasema.

"Eeh," baba mkwe akasema. "Huyu ndiye."

Hivyo ndivyo nilivyomzaa mtu mzima mwenye mdomo mchafu, hapo kwenye kigoda, mwiko mkononi.

Nilidhani sehemu ya pili ingekuwa na nafuu. Lakini sikutaka kubahatisha. Nina steshenari ndogo mjini, ya kutoa kopi na kuchapa barua, na pale nina kompyuta na intaneti ya maana. Kesho yake, wateja walipopungua, niliweka vipokea sauti masikioni nikaitazama sehemu ya pili peke yangu, uso nimeuelekeza ukutani. Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Yule mtoto wa tatu, msichana mpole wa zamani, amerudi kutoka mjini na maneno ya wanawake wanaogombania maji. Vijana wapya waliongezwa, wajukuu, na hao waliongea kile Kiswahili cha mtaani cha upande wa Kenya tunachokisikia mpakani Sirari. Matusi yao yalikuwa mengi, lakini hayo hayakunitisha sana. Nilijua baba mkwe hataambulia kitu. Aliyenitisha ni mzee. Mara tatu alifungua kinywa na kutoa uchafu.

Nilisoma maoni ya watazamaji chini yake. Wengine walifurahi, wakisema sasa ndiyo maisha halisi, zamani televisheni ilikuwa inatudanganya. Wengine walilalamika kwamba utoto wao umetemewa mate. Sikujua niko upande gani. Nilichojua ni kwamba zamani kulikuwa na mtu ofisini mahali fulani aliyekuwa akiyakata maneno kabla hayajafika kwetu, na sasa kazi hiyo ilikuwa yangu.

Nikaifanya. Kila mchana nilitazama, kila jioni nilikaa mlangoni nikijua kila tusi litatokea wapi. Rimoti ililowa jasho mkononi mwangu. Mtu akianza kuvuta pumzi kwa namna fulani, napunguza sauti, au nakohoa, au nauliza, "Baba, nikuongezee maziwa?" Mahali pasipozibika namwita yule mdogo. "Huyo ni mdogo wake tena, baba." Na baba mkwe anaguna.

Tatizo la kumzaa mtu ni kwamba anaanza kukua. Baba mkwe alitaka kumjua. Ana mke? Alikuwa wapi miaka yote ile? Nikasema alikuwa mbali, kwenye meli. Sijui meli ilitoka wapi kichwani mwangu. Baba mkwe akasema ndiyo maana, watu wa meli hawana wa kumheshimu. Siku nyingine akaniuliza kwa nini mzee hamfukuzi.

"Ni damu yake, baba."

"Damu ndiyo, lakini anamharibia jina. Mtu akisikia kutoka nje, atasema ni yeye."

Nilikuwa nakatakata mboga. Nilijikata kidole.

Binti yetu alivumilia siku chache. Siku moja alinifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, kwa nini tunamdanganya babu?"

"Kwa ajili ya presha."

"Lakini mwalimu anasema—"

"Mwalimu hana baba mkwe mwenye presha. Nenda kaoshe miguu."

Alienda. Nilikuwa nimemwambia mtoto kwamba uongo una dawa ndani yake, na sikuwa na hakika kama sikumfundisha tusi jingine. Tangu siku hiyo nilimpeleka kwa jirani wakati wa mchezo, kusoma na mwenzake. Nilipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Mume wangu naye alipiga simu kumsalimia baba yake. Niliwasikia wakiongea Kikurya, kisha mzee akanirudishia simu.

"Mdogo gani?" mume wangu aliuliza. "Baba ananiambia mdogo wake Mzee wa Baiskeli ni mpumbavu. Mzee wa Baiskeli hana mdogo."

Nilitoka nje mpaka kwenye mahindi nikamweleza. Alicheka mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakatika.

"Unajua mdomo wa baba ulikuwaje zamani?" akasema.

"Sijui."

"Basi. Tutaongea nikirudi."

Hakusema zaidi, na mimi ni mtu wa kujaza mwenyewe kilichoachwa wazi. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nilimpeleka baba mkwe duka la dawa akapimwe. Presha ilikuwa imeshuka, nambari nzuri kabisa. Yule dada wa duka la dawa akanitazama, akasema, "Kaa na wewe nikupime." Yangu ilikuwa imeizidi ya mzee.

Madaktari walirudi. Safari hii walimkubali. Nilimwacha mlangoni mwa chumba cha upasuaji amevaa gauni la kijani, bila fimbo, akionekana mdogo kuliko nilivyomzoea. Nilikaa kwenye benchi nikiomba mambo mengi kwa pamoja, na katikati ya maombi nikajikuta najiuliza: akiona, itakuwaje? Niliomba msamaha papo hapo kwa kuuliza. Lakini swali halikuondoka. Nilitaka aone, na niliogopa aone, na nikakaa na yote mawili mpaka walipomtoa amefungwa bandeji jicho la kulia.

Tulirudi naye nyumbani. Jioni hakutaka mchezo. Alikula kidogo akaenda kulala mapema. Nilidhani ni maumivu. Nikampelekea dawa, akasema haumwi.

Kesho yake asubuhi walimfungua. Muuguzi alitoa pamba, akasafisha, akamwambia afumbue pole pole. Baba mkwe alifumbua. Alitazama dirisha kwanza. Kisha mikono yake, akaigeuza juu na chini. Kisha mimi. Hakuwa ameniona vizuri kwa miaka kadhaa.

"Mama," akasema, "kumbe na wewe una mvi."

Nilicheka na kulia. Wagonjwa wengine kwenye foleni walipiga makofi.

Kwenye bajaji alikuwa anasoma kila kitu kwa macho kama mtoto: ng'ombe wa kijivu, lori la ndizi, nguo za watu. Tulipokaribia Turwa akasema, bila kunigeukia, "Leo nitamwona huyo mdogo wake."

Kuanzia pale mpaka nyumbani nilipanga uongo. Bando limeisha. Runinga imeungua. Mdogo amesafiri, amerudi melini, amekufa. Hilo la kufa lilinivutia sana; ningemzika na mambo yaishe. Lakini sehemu zilizobaki nilikuwa nimeshazitazama, na mzee alitukana mpaka ya mwisho.

Nilimwekea kiti kando ya ukuta. Nikamtia matone, la kwanza likaangukia shavuni, akaniambia nisiogope, jicho ni lake. Nilipomaliza sikuondoka. Niligeuza ndoo kichwa chini nikaikalia, mbali kidogo, kama inavyotakiwa.

"Baba," nikasema, "naomba nikwambie jambo, na naomba usikasirike, kwa ajili ya jicho."

"Sema."

"Yule mdogo wake Mzee wa Baiskeli hayupo."

"Amekwenda wapi?"

"Hakuwepo tangu mwanzo. Ni yeye mwenyewe anayetukana. Niliona aibu, baba. Na presha. Nikasema ni mwingine."

Hakushtuka. Aliutazama mkono wake tena, kucha moja moja.

"Siku ya kwanza nilimjua," akasema. "Sauti ile sitaipoteza. Nimesimama kwa yule Mwislamu mvua na jua kwa ajili ya sauti ile. Lakini uliposema ni mdogo wake, nikaona afadhali. Siku ya pili nikajaribu kuamini. Baadaye nikaamini kabisa. Nikawa hata namchukia."

Nilikuwa natazama chini.

"Mama," akaendelea, "mume wako hajakuambia. Mimi nilikuwa mtu wa matusi. Siyo ya kulewa, hata nikiamka. Nilimtukana mama yake, Mungu amlaze pema, mbele ya watoto. Nilipofiwa nikabaki na wale wavulana, nikawa nawaamsha kwa tusi na kuwalaza kwa tusi. Nyambureti nzima walinijua. Halafu siku moja Mugumu nikamwona yule mzee anazungusha gurudumu. Naye amefiwa, naye ana watoto. Nikasema, kumbe mtu anaweza kungoja kwanza. Mimi sikuwa na baiskeli. Nilikuwa natoka nje nafungua zizi na kulifunga, nafungua na kulifunga, mpaka neno baya lishuke. Wavulana walidhani nimerukwa na akili."

Alicheka kidogo, halafu akafuta kinywa.

"Sasa jana," akasema. "Kwenye ile meza. Walinifunika uso kwa kitambaa, nikawa sioni hata vile vivuli nilivyovizoea. Nikasikia kama nazikwa. Yule binti muuguzi akanishika kichwa, akasema tulia babu. Nikamtukana. Tusi la machungani, la kabla hata sijaoa. Sikujua kama bado lipo. Lilikuwa limekaa tu huko ndani, zima, halijaota hata kutu. Nikalala na aibu. Usiku nikasema, kumbe na mimi ninaye mdogo wangu."

Bodaboda ilipita, kisha nyingine. Nilitaka kumwambia kwamba si kosa, kwamba hofu humfanya mtu hivyo, lakini mimi si wa kumwambia baba mkwe maneno hayo, naye hakuwa ameyaomba.

"Alikuwa muuguzi gani?" nikauliza.

"Sijui sura. Najua sauti."

Siku ya kurudi kuangaliwa jicho tulikwenda mapema. Alikataa kukaa. Alisimama karibu na mlango wa chumba cha upasuaji akisikiliza kila anayepita, na mimi nyuma yake na kadi mkononi, nikiogopa atamsimamisha asiyehusika. Binti mmoja mwembamba akatoka akiita jina la mgonjwa. Baba mkwe akainua fimbo.

"Huyu."

Alimsogelea, akavua kofia. "Binti yangu, mimi ndiye niliyekutukana mezani siku ile. Nimekuja kuomba radhi."

Yule muuguzi alimtazama, akanitazama mimi, akatafuta kumbukumbu. "Shikamoo babu. Siku gani hiyo?"

Baba mkwe akamtajia.

"Babu, mbona tulitukanwa na wengi siku hiyo! Wewe ulisemaje?"

Nilifumba macho. Kwa bahati baba mkwe alitikisa kichwa tu. Muuguzi akacheka, akamshika mkono. "Nimekusamehe, babu. Dawa unaweka? Usiiname." Akaingia ndani na mgonjwa wake.

Mzee alibaki na kofia mkononi. Nadhani alitarajia jambo zito zaidi. Alipoivaa tena aliniambia, "Hakumbuki hata," na sikuelewa kama amefarijika au ameumia. Labda na yeye hakujua.

Ilibaki tamthilia yenyewe. Alitaka kuimaliza, lakini sasa kila kitu kilikuwa wazi, tusingeweza kukaa wawili mbele ya runinga ile na kujifanya. Yeye ndiye aliyepata njia. "Huko kazini kwako," aliuliza, "kile cha kuziba masikio hakiwezi kunisikilizisha peke yangu?"

Basi kwa siku kadhaa wateja wangu walimkuta mzee wa Nyambureti mbele ya kompyuta, kofia magotini, vipokea sauti vimekaa juu ya mvi zake, jicho moja likimeta na lingine bado la maziwa. Mimi natoa kopi za vyeti, mgongo nimempa. Tatizo ni kwamba aliyeziba masikio hajui sauti yake inafika wapi. Siku moja, mwalimu mmoja na mchungaji wakiwa kwenye foleni, alipaza sauti akimjibu yule wa kwenye kioo: "Toka nje kwanza, mzee! Toka nje, kafungue zizi!" Wote wakageuka. Nikasema ni tamthilia. Nikaharibu kopi mbili.

Jioni nyumbani, baada ya chakula, binti alimwomba babu yake amsimulie. Nilisimama jikoni na sahani, tayari kukohoa. Mzee alisimulia sehemu nzima, na alisimulia vizuri kuliko walivyoigiza: nyumba inayouzwa, yule mtoto wa kitambi, yule binti aliyerudi. Alipofika mahali pa tusi alinyamaza kidogo.

"Hapo mzee akasema neno," akasema.

"Neno gani, babu?"

"Neno la mtu aliyechoka. Halafu yule binti yake akamletea maji."

Binti aliridhika, akauliza maji yalikuwa ya moto au ya baridi.

Sehemu ya mwisho alipoimaliza alivua vipokea sauti, akaviweka juu ya meza kwa uangalifu, akasema nyumba iliuzwa lakini baiskeli walizigawana watoto. Nilijua, nilishaiona. Nikamwacha anieleze mpaka mwisho. Kisha akauliza mahindi yangu yatapaliliwa lini, maana sasa anayaona, na yana majani mengi mno.

Alirudi Nyambureti baada ya mume wangu kutoka zamu. Walipokuwa wakipanga mizigo niliwaona baba na mwana wakibishana kuhusu ndama, yule aliyekufa nikaficha, maana mume wangu alidhani mzee anajua. Nilisubiri sauti ipande. Baba mkwe alitoka nje, akazunguka nyumba mara moja, akarudi akauliza alikufa kwa ugonjwa gani.

Jicho la kushoto litafanyiwa upasuaji mabingwa watakaporudi. Imeshatangazwa kwamba na tamthilia itaendelea. Presha yake ni nzuri. Ya kwangu bado naimezea dawa.